Mpinzani usiyemjua: safari ndefu ya bao hadi nyanda za Uasin Gishu

Wachezaji wawili wa bao wanaokutana kwa mara ya kwanza huanza kwa maneno kabla ya kugusa kete. Tunacheza lipi? La kujifunza, ambalo kete zote 64 hupangwa mbilimbili mashimoni tangu mwanzo, au la Kiswahili lenyewe, ambalo kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi? Mtu akifika kwenye nyumba yake, lile shimo la mraba, ana hiari ya kulala, yaani kukomea hapo, au lazima aende safari? Nani atangulie? Mazungumzo haya huisha upesi, na waandishi wa historia ya michezo huyapita bila kuyatazama. Kwa maoni yangu, humo ndimo ilimo historia yenyewe. Bao lisingeenea Afrika Mashariki kama lingebaki kuwa mchezo wa ndugu na majirani tu. Lilihitaji wageni walioketi uso kwa uso, kila mmoja na kanuni za kwao kichwani, wakatafuta namna ya kupigana kwa haki.

Sioni mahali panapolionyesha jambo hili vizuri kuliko Chepsaita. Kijiji hiki kiko eneobunge la Turbo, kaunti ya Uasin Gishu, upande wa Eldoret unaoelekea mpaka wa Uganda. Wakenya wengi wamelijua jina lake miaka ya karibuni kwa sababu ya mbio za nyika zinazofanyika hapo. Mtu anayefuatilia bao atakiangalia kwanza kwenye ramani. Waluo, upande wa Ziwa Victoria, wanacheza ajua kwenye ubao wa mistari miwili. Wakikuyu wana giuthi na Wamaasai wana enkeshui, yote ya mistari miwili. Wanandi, ambao nchi yao inapakana na Turbo, wana kechuiek. Lakini ukivuka mpaka Malaba na kuendelea hadi Buganda utakuta omweso, mistari minne ya mashimo manane na kete 64. Ukishuka pwani hadi Mombasa, Lamu na Zanzibar, bao la Kiswahili nalo lina mistari minne, mashimo 32 na kete 64. Chepsaita imekaa kwenye ukanda ambao mistari miwili imezungukwa na mistari minne mashariki na magharibi.

Tofauti hiyo si ya hesabu tu. Katika ubao wa mistari miwili, kete hutembea duara zima: ukipanda mbegu zako upande wako, zinaendelea hadi kwenye mashimo ya adui, na zake zinaingia kwako. Mpaka upo, lakini unavukwa kila zamu. Katika mistari minne kila mchezaji ana mistari miwili ya peke yake, na kete zake huzunguka humo humo. Mpaka haukanyagwi, ila unavamiwa: unachukua kilichopo upande wa pili na kukileta nyumbani. Mwenye ajua na mwenye omweso wakikutana, kila mmoja analeta picha yake ya vita na ya jirani. Hapo mtu anayetaka kucheza kweli hana budi kukubali kuwa mwanafunzi kwa muda.

Zamani swali la kanuni za nani zifuatwe lilikuwa na jibu moja ambalo halikuhitaji majadiliano, nalo ni jiwe. Umbali wa kilomita 150 hivi kutoka Eldoret, nje kidogo ya mji wa Nakuru, kuna Hyrax Hill, mahali ambapo Mary Leakey alianza kuchimbua mabaki ya kale mwaka 1937. Pamoja na makaburi na masalia ya makazi, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Ubao wa mti hubebwa na mwenyewe, na kanuni huja naye. Ubao wa mwamba hauendi popote. Anayepita ndiye anayeufuata, na idadi ya mashimo imekwisha kuamuliwa na waliotangulia. Kila ninapofikiria wachungaji waliokutana pale, kila mmoja na mifugo yake, naona mwamba ule ukiwa mwamuzi wao.

Hapo Hyrax Hill pia kuna mashimo makubwa ya Wasirikwa, watu waliokaa huku kabla ya Wamaasai, yale yale yaliyotapakaa kwenye nyanda za Uasin Gishu. Mwanaakiolojia John Sutton, aliyezichunguza nyanda hizi kwa miaka mingi, alionyesha kuwa hayakuwa nyumba za watu bali mazizi ya ng'ombe, yaliyochimbwa kwenye mteremko na kuachiwa mlango mwembamba ili wavamizi wasiingie kwa urahisi. Baada ya Wasirikwa wakaja Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao walishindwa vitani katika karne ya 19 na kutawanyika. Wanandi wakapata nguvu. Zizi lilikuwa ndilo kitovu cha vita hivyo vyote, maana mshindi alipimwa kwa mifugo aliyorudi nayo.

Ukilijua hilo, mchezo wenyewe unaanza kueleweka. Wamaasai huziita kete za enkeshui ng'ombe. Na kuna jambo moja katika omweso na bao la Kiswahili ambalo mchezaji wa drafti au sataranji hulishangaa anapoliona mara ya kwanza: hakuna kete inayokufa. Ukila, kete za mwenzako hazitolewi ubaoni. Unazipanda katika mashimo yako, na kuanzia hapo zinakupigania wewe. Kete 64 zilizoanza ndizo 64 zitakazomaliza, ila zimebadili mwenyewe. Vita vya aina hii havina maiti, vina mateka tu. Jeshi ulilolidharau dakika tano zilizopita linaweza kuwa ndilo linalokuokoa.

Bao la Kiswahili ndilo lililoufikisha mpango huu mbali kuliko yote ninayoyajua. Hatua ya kwanza ni namua. Kila zamu unatoa kete moja mkononi na kuitia kwenye shimo lako la mbele lenye kete. Shimo la adui linalolikabili likiwa na kete, unazila na kuzipanda kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la kushoto au la kulia. Kula ni lazima. Kama huna cha kula, unatakata, yaani unazungusha zako tu. Kete za mkononi zikiisha, unaingia mtaji, na hapo vita hupiganwa kwa kilichopo ubaoni peke yake. Katikati ya yote iko nyumba, shimo la mraba linaloanza na kete sita. Mwenye nyumba anaweza kuilinda na kuiacha inenepe, au kuivunja kwa safari moja ndefu inayoweza kubadili ubao mzima. Anayemaliziwa mstari wa mbele ameshindwa. Akimaliziwa angali na kete mkononi, amefungwa mkononi, na hakuna mchezaji anayependa hilo lisikike barazani.

Sasa mweke mbele yako mtu usiyemjua. Na rafiki wa kila siku, unakumbuka kuwa yeye huivunja nyumba mapema, au kwamba hukasirika akikosa cha kula. Mgeni hana historia. Ndiyo maana kete za kwanza za namua dhidi ya mgeni ni maswali zaidi ya mashambulizi. Unamwachia kijishimo kidogo uone kama atakula kutoka kichwa cha kushoto au cha kulia. Unaangalia kama anahesabu mzunguko mzima kabla ya kutia kete au anaufuata mkono wake. Kwa kuwa kula ni lazima, unaweza pia kumlazimisha ale mahali ambapo hakutaka, na hapo ndipo unapomjua: mchezaji dhaifu hufurahi kwa kete mbili alizopata, mchezaji hodari hukunja uso kwa sababu ameshaona zitakakomwishia. Nami sijaona mchezo mwingine unaomfunua mtu upesi hivyo bila yeye kusema neno.

Safari za mchezo huu ni ndefu na kumbukumbu zake zimetawanyika. Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana katika kituo cha Wafaransa kusini mwa Madagaska, alichapisha mwaka 1658 kitabu kinachoueleza mchezo wa fifangha, jamaa wa karibu wa bao. Oman, ambako watu wamekuwa wakienda na kurudi Zanzibar kwa karne nyingi, kunachezwa hawalis, mistari minne ya mashimo saba. Malawi kuna bawo. Mwaka 1968 Mganda Michael Nsimbi aliandika kitabu kizima juu ya omweso. Philip Townshend alichapisha mwaka 1982 makala kuhusu bao na maadili ya Waswahili. Mwaka 1995 Mholanzi Alex de Voogt alitoa utafiti wake juu ya mafundi wa bao wa Zanzibar, akichunguza jinsi akili ya binadamu inavyoweza kuhesabu mizunguko mirefu namna ile.

Ulaya nayo ilikuwa na vita vyake vya mezani. Afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha mwaka 1824 kanuni za mchezo wa vita uliotumia ramani na vipande vidogo, na majeshi yakautumia kufundishia maafisa. Mwandishi H. G. Wells alitoa mwaka 1913 kanuni za kupigana sakafuni kwa askari wa kuchezea na mizinga midogo. Mwaka 1983 Warhammer ikatoka Uingereza, na majeshi ya sanamu zilizopakwa rangi kwa mkono yakawa biashara ya dunia nzima. Tatizo kubwa la michezo hii lilikuwa lile lile la mgeni. Mwenye jeshi ghali na mwenye jeshi dogo watapimanaje? Reisswitz aliweka mwamuzi wa kusimamia pande zote mbili. Warhammer iliweka pointi: kila askari ana thamani yake, na majeshi hulinganishwa kabla ya vita. Bao lilikuwa na jibu jepesi zaidi. Kete zote ni komwe, mbegu za mkomwe zinazofanana, na hakuna komwe mfalme wala komwe mtumwa. Tajiri na maskini wakiketi barazani, kila mmoja ana 32.

Turudi kwenye nyanda za Uasin Gishu: Eldoret ulikuwa mji wa wageni tangu siku ya kwanza. Makaburu walifika nyanda hizi mwaka 1908 kwa mikokoteni ya maksai, na mji ulipoanza ulijulikana kwa namba ya shamba ulikojengwa, 64, ambayo Wakalenjin waliigeuza kuwa Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912. (Sadfa ya namba hiyo na kete za bao inanifurahisha, ingawa ni sadfa tupu.) Reli ilifika mwaka 1924, ikaupita mji huu na kuendelea kupitia Turbo kuelekea Uganda. Mashamba ya walowezi, misitu na reli vilitaka vibarua, na vibarua walitoka kila upande wa nchi. Leo kwenye stendi za matatu na za bodaboda utakuta drafti zaidi ya bao, ubao uliochorwa kwa rangi na vifuniko vya soda kuwa askari. Ila ukisimama hapo kidogo utasikia majadiliano yale yale: askari wa kawaida anakula kurudi nyuma au hali? Kingi anaruka mbali au hatua moja? Drafti imerithi adabu ya bao ya kumpokea mgeni, na hilo linanipa moyo.

Kinachonitia wasiwasi ni kechuiek. Omweso ulipata Nsimbi wake, bao la Zanzibar likapata de Voogt. Mchezo wa Wanandi unastahili mtu wa namna hiyo, mtu atakayeketi na wazee akaandika idadi ya mashimo, mwelekeo wa kupanda, kinacholiwa na kisicholiwa, na hasa jinsi kanuni zilivyopatanishwa mgeni alipofika na desturi za kwao. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo hupotea kwanza, kwa sababu mzee anayecheza na jirani yake wa miaka 40 hana haja ya kuitamka.

Nadhani Chepsaita inaweza kuianza kazi hiyo. Siku ya mbio za nyika kijiji hujaa watu ambao hawajawahi kuonana. Ni siku nzuri ya kuweka kando ya uwanja meza nne chini ya kivuli: ajua, omweso, bao la Kiswahili na kechuiek. Kila meza iwe na mzee anayejua kanuni zake, na kijana mwenye daftari aandike kila kinachokubaliwa kabla ya kete ya kwanza kutiwa shimoni.