ZIKRI KATIKA NJIA YA MISAFARA



Corona ilipoingia nchini Machi 2020, wengi walikesha kwa hofu. Wataalamu wakashauri watu wakae kimya, wafuate pumzi, watulize akili. Jambo linalokaribiana na hilo wazee wetu walikuwa nalo: zikri.

Tazama Tabora. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Humo zilipita pembe na nguo, wakapita watumwa, yakapita na maradhi. Richard Burton, aliyefika Kazeh (Tabora ya leo) mwaka 1857, aliandika juu ya ndui iliyowaua wapagazi njiani. Mwaka 1876 Daktari James Christie alichapisha kitabu kueleza jinsi kipindupindu kilivyosafiri na misafara.

Njia ile ile ikapitisha tariqa. Tabora, Sheikh Zahur bin Muhammad alieneza Qadiriyya. Bagamoyo, Sheikh Ramiya, aliyetekwa utotoni Manyema akaletwa pwani kama mtumwa, akawa khalifa mkubwa. Mtoto aliyenyang'anywa wazazi na nchi yake! Basi zikri haikuwa anasa ya watu wenye raha. Ilikuwa egemeo la waliolemewa.

Lakini tusichanganye mambo. Zikri hutuliza moyo, haizuii vijidudu. Halqa ya Qadiriyya ni bega kwa bega, pumzi kwa pumzi, na maradhi ya kifua huenea hivyo hivyo. Wapo wanaosema kuisimamisha ni udhaifu wa imani. Je, Sayyidna Umar (RA) alikuwa dhaifu? Alikuwa safarini kwenda Sham, akasikia kuna tauni, akageuza msafara. Na Mtume (SAW) alikwisha tufundisha: palipo na tauni tusiingie, na ikitukuta ndani tusitoke kuikimbia.

Kwa hiyo, maradhi yakitanda:

1. Halqa isimame kwa muda, zikri isisimame.
2. Baada ya Alfajiri kaa peke yako. Vuta pumzi taratibu, itoe kwa "Astaghfirullah", moyo ukizingatia maana.
3. Ukiumwa, nenda hospitali. Moyo ukizidi kulemewa, usinyamaze, mwambie mtu unayemwamini.

Soma Surat Ar-Ra'd, aya ya 28, uone utulivu wa nyoyo umewekwa wapi.

Allah awarehemu waliokufa katika njia ile na waliotutoka kwa Corona, na atupe nyoyo tulivu. Aamin.

Wallahu a'alam.