Kigae na Pacha

Usiku mmoja, kijana niliyekuwa naye zamu alikuta diski ya seva imejaa. Akapekua, akaona folda iitwayo bidhaa_shard2_replica_n3. Jicho lake likatua kwenye neno moja: replika, yaani nakala. Penye nakala pana asili, akawaza, akaifuta. Kulipokucha utafutaji ulikuwa umekwama: hapakuwa tena na seva yenye kipande cha pili cha data. Asili haikuwako. Ile aliyoidhani nakala ndiyo iliyokuwa kitu chenyewe.

Sikumlaumu. Neno lilimpoteza, na tangu siku hiyo natafuta majina ya Kiswahili ambayo yangemwonya.

Programu hiyo ya utafutaji ni Solr, iliyoanzishwa na Yonik Seeley katika kampuni ya CNET mwaka 2004, kisha ikakabidhiwa taasisi ya Apache mwaka 2006. Faharasa ikiwa kubwa kupita uwezo wa seva moja, Solr huigawa, na kila mgawo Waingereza huuita kwa jina la kipande cha chungu kilichovunjika. Sisi tunalo neno hilo: kigae. Nalipenda kuliko “sehemu”. Sehemu ya mkate ni mkate. Kigae hakiteki maji mpaka chungu kiwe kizima. Tena kigae ndicho kinachoezekea paa: kila kimoja na mahali pake, na pengo moja tu linatosha kuvujisha. Ndivyo ilivyo humu. Utambulisho wa kila waraka hukokotolewa ukawa namba, na kila kigae kina masafa yake ya namba za kupokea. Kigae kikielemewa hupasuliwa: shard1 huzaa shard1_0 na shard1_1, watoto wakibeba jina la mzazi kama ilivyo desturi yetu.

Shida iko kwenye “nakala”. Nakala ya cheti huzunguka maofisini huku cheti chenyewe kimefungiwa kabatini. Elasticsearch hufuata mantiki hiyo: kuna kigae cha msingi, kisha nakala zake. Solr haiko hivyo. Kila kinachobeba data ya kigae huitwa replika, hata kikiwa peke yake duniani. Vikiwa viwili au vitatu, kimoja huchaguliwa kiongozi. Kikianguka, kingine hushika nafasi.

Hao ni mapacha. Kulwa hutangulia kuzaliwa na Doto hufuata, lakini hakuna mama anayemwita Doto nakala ya Kulwa. Hata ile n3 ya jina la folda si cheo wala zamu ya kuzaliwa ndani ya kigae: namba hutolewa kwa faharasa nzima, na herufi hutaja aina. Wenye n au t wanaweza kuongoza. Mwenye p, aliyeletwa na toleo la 7 mwaka 2017, huvuta tu faharasa kutoka kwa kiongozi na hawezi kamwe kuongoza. Huyo ndiye nakala kwelikweli, na neno hilo tumtunzie yeye.

Uongozi huo huratibiwa kupitia ZooKeeper, kundi la seva ambalo huamua kwa wingi: zikiwa 3, sharti 2 ziwe hai, zikiwa 5, sharti 3. Hapa sikuhangaika kutafuta neno. Bunge na vyama vya ushirika vilishatuzoesha: akidi. Aliyewahi kurudi nyumbani kwa sababu mkutano mkuu haukutimiza akidi anaelewa mara moja kwa nini seva nzima, yenye umeme na data, inakataa kupokea waraka mpya.

Jina jema la kitu kinachoweza kuvunjika humfikirisha mtu kabla hajakigusa. Ukisikia nakala, unatulia. Ukisikia pacha, unauliza: mwenzake yuko wapi? Kwenye daftari letu la zamu sasa tunaandika “pacha”, na juzi, diski ilipojaa tena, nilimsikia kijana yule yule akiuliza swali hilo kabla hajashika kibodi.