Vigogo wa Jezi ya Njano na Wale Wasiotajwa

Kila mwaka, mwezi Juni unapoelekea ukingoni, waandishi wa michezo wa Ulaya hufanya kazi inayofanana kidogo na ya wapiga ramli. Hupanga majina ya watu wanaopewa nafasi ya kushinda Tour de France, yale mashindano ya baiskeli ya kuizunguka Ufaransa. Huyu hupewa nyota tano, yule nne, wengine watatu wakagawana zilizobaki. Kisha mashindano yanaanza, na karatasi ile inaanza kuchanika.

Ndugu msomaji, mimi napenda kuzifikiria karatasi hizo wakati mashindano yamekwisha na mshindi tunamjua. Mshindi hutuambia nani alikuwa na miguu mizuri. Lakini orodha ya vigogo hutuambia jambo jingine: watu wa wakati ule walimwona nani, na nani alikuwa mbele ya macho yao wasimwone. Kwangu mimi hiyo nayo ni historia, tena historia tamu.

Kwanza tuelewane mchezo wenyewe. Siku hizi Tour ina hatua 21 ndani ya wiki tatu, na siku mbili za kupumzika. Barabara yote ni kilomita zaidi ya 3,000. Muda wa kila mtu katika kila hatua unajumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye anayevaa jezi ya njano. Mtu anaweza kushinda Tour nzima bila kuwa wa kwanza hata siku moja. Kwa hiyo mtabiri huuliza maswali manne. Je, jamaa anaweza kupanda milima ya Alps na Pyrenees? Je, anaweza kukimbia peke yake dhidi ya saa? Je, ana timu ya kumkinga upepo na kumletea maji? Na je, wiki ya tatu, wakati damu imechoka, bado atakuwepo?

Ukiyaangalia maswali hayo utasema, aa, hii rahisi! Mpira wa miguu dakika tisini tu na goli la bahati linaharibu kila kitu, lakini wiki tatu zitamdhihirisha aliye bora. Ndivyo inavyoonekana. Hebu sasa tuishike historia yenyewe tuone.

Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1903. Yalianzishwa na gazeti la L'Auto, chini ya mhariri wake Henri Desgrange, kwa sababu ya kawaida kabisa: gazeti lilitaka wanunuzi. Hatua zilikuwa 6, kilomita zaidi ya 2,400, na nyingine zilianza usiku wa manane. Waliondoka watu 60, wakamaliza 21. Mshindi alikuwa Maurice Garin, mtu aliyekwisha kujulikana, maana alikuwa ameshinda mbio za Paris-Roubaix mara mbili. Alimwacha wa pili kwa karibu saa tatu. Mwaka huo mtabiri angekula vizuri.

Mwaka 1904 Garin akamaliza wa kwanza tena. Lakini udanganyifu ulikuwa mwingi mno, na baada ya miezi kadhaa wote wanne waliotangulia wakafutwa. Ushindi ukaenda kwa kijana aliyekuwa wa tano, Henri Cornet, umri wake miaka 19 tu. Mpaka leo hajapatikana bingwa mdogo kuliko yeye. Mwaka wa pili tu tangu mashindano yazaliwe, vigogo wote wamekwisha kuondoka kwenye kitabu!

Tuje mwaka 1956. Wakati huo watu walishindana kwa timu za taifa, na Wafaransa waliokosa nafasi katika timu ya taifa waliwekwa katika timu za mikoa. Louison Bobet, aliyeshinda miaka mitatu mfululizo, hakuwepo. Macho ya watu yakawa kwa wapanda milima kama Charly Gaul wa Luxembourg na Federico Bahamontes wa Hispania. Katika timu ya mkoa mmoja alikuwemo Roger Walkowiak. Nani alimjali? Katika hatua ya saba, kwenda Angers, kundi la watu 31 lilichomoka mbele na yeye akiwemo. Vigogo wakaangaliana, kila mmoja akimngoja mwenzake afukuze. Waliposhtuka, walikuwa wameachwa zaidi ya dakika 18.

Walkowiak akavaa jezi ya njano, akaipoteza, kisha akairudisha milimani na kufika nayo Paris. Hakushinda hatua hata moja. Badala ya kumpongeza, wengi waliona kwamba ushindi ule ni wa kubahatisha, na jina lake likageuzwa kuwa msemo wa Kifaransa wa mtu aliyepata kitu kwa ngekewa. Alipoacha baiskeli alirudi kufanya kazi kiwandani. Alifariki mwaka 2017, na msemo ule ulikuwa ungali hai.

Jambo hili linaniuma. Watabiri walikosea, lakini aliyelipa deni ni yule waliyekosea juu yake. Yaani mtu akishinda bila kutajwa, watu hawasemi orodha ilikuwa mbovu. Wanasema ushindi ndio mbovu. Waswahili walituonya: mdharau mwiba, mguu huota tende. Hapa mguu uliota tende ukawa wa mwiba wenyewe!

Mwaka 1989 ni kisa ambacho mtunzi wa riwaya akikiandika mhariri atakitupa, atasema chumvi imezidi. Kigogo wa kwanza alikuwa Pedro Delgado wa Hispania, bingwa wa 1988. Siku ya kwanza kabisa, huko Luxembourg, alichelewa kufika mahali pa kuanzia kwa dakika 2 na sekunde 40. Saa haikumngoja. Alipambana wiki tatu, akamaliza wa tatu, dakika 3 na sekunde 34 nyuma ya mshindi. Piga hesabu mwenyewe uone sehemu kubwa ya pengo hilo ilitoka wapi.

Waliobaki ni Laurent Fignon wa Ufaransa, bingwa wa 1983 na 1984, na Greg LeMond wa Marekani, bingwa wa 1986. LeMond alipigwa risasi kwa bahati mbaya mawindoni mwaka 1987, akanusurika kufa, na watu wengi walimwona amekwisha. Siku ya mwisho Fignon alikuwa mbele kwa sekunde 50, na zilibaki kilomita 24.5 tu, kutoka Versailles hadi barabara ya Champs-Élysées, kila mtu peke yake na saa. LeMond alifunga kwenye usukani vyuma virefu vya kulaza mikono, vilivyotoka kwenye mchezo wa triathlon, akajikunja kama mshale. Fignon alishika usukani wa kawaida, nywele zake zikipepea. Zaidi ya kilomita 3,000 zikaamuliwa kwa sekunde 8. Jamani, sekunde 8! Mpaka leo hakuna tofauti ndogo kuliko hiyo katika historia ya Tour.

Sasa nieleze upande wa giza, maana historia isiyo na giza ni tangazo la biashara. Kuna miaka ambayo utabiri ulikuwa rahisi sana. Kuanzia 1999 hadi 2005, ukisema Lance Armstrong umepatia. Mara saba mfululizo watabiri walionekana wajuzi. Mwaka 2012 ushindi wote saba ulifutwa kwa sababu ya dawa zilizokatazwa, na miaka hiyo haikupewa bingwa mwingine. Basi waliopatia, walipatia nini? Mwaka 2006, mkesha wa mashindano, kashfa ya dawa iliyoanzia Hispania iliwaondoa Ivan Basso na Jan Ullrich, na watano wote wa kwanza wa mwaka 2005 wakawa hawapo. Aliyemaliza wa kwanza, Floyd Landis, naye akavuliwa taji. Jezi ikaishia kwa Óscar Pereiro, mtu ambaye vigogo walimwachia karibu nusu saa katika hatua moja ya kwenda Montélimar kwa kudhani hana madhara.

Baada ya hayo yote, kuna aina moja ya kosa la watabiri ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Ni kutomwona mtumishi.

Katika timu ya baiskeli kiongozi ni mmoja, wengine ni wa kumtumikia. Wanakata upepo, wanabeba chupa za maji, na kiongozi akipata pancha wanampa gurudumu lao. Mtumishi akimaliza kazi yake anateremka polepole na jina lake linaandikwa chini. Mtabiri akishika karatasi ya matokeo anaona namba ile ya chini, anasema huyu dhaifu. Kumbe namba ile haipimi miguu yake, inapima kazi aliyopangiwa! Miguel Indurain wa Hispania, aliyeshinda mara tano mfululizo kuanzia 1991 hadi 1995, alitangulia kumtumikia Delgado. Jonas Vingegaard wa Denmark aliwahi kufanya kazi penye mnada wa samaki. Mwaka 2021 alikwenda Tour kumsaidia Primož Roglič. Roglič akaumia na kujitoa, Vingegaard akamaliza wa pili, kisha akashinda 2022 na 2023.

Na yupo mmoja aliyezaliwa kwetu huku, Nairobi, mwaka 1985. Chris Froome alifanya mazoezi utotoni na David Kinjah, bingwa wa baiskeli wa Kenya, katika vilima vya Kikuyu. Mwaka 2011 alikwenda mashindano ya kuizunguka Hispania kumsaidia Bradley Wiggins. Akamaliza wa pili, mbele ya bosi wake, akizidiwa sekunde 13 tu na Juan José Cobo. Mwaka 2019 Cobo alivuliwa ushindi ule kwa makosa ya dawa, Froome akapewa. Tour yenyewe aliishinda mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017.

Lakini tusidanganyane. Froome alikuwa na asili ya Uingereza, na mwaka 2008 alihamisha leseni yake kutoka Kenya kwenda huko. Mlango ule haukuwa wazi kwa kila kijana aliyepanda kilima kile kile. Orodha ya vigogo haianzi kuandikwa mwezi Juni. Inaanza miaka mingi nyuma, pale inapoamuliwa nani atapata baiskeli nzuri, viza na timu.

Ndiyo maana Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda hatua ya tatu mjini Turin mwaka 2024, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour, jambo lile halikuwa dogo. Alishinda hatua tatu mwaka ule na kufika mwisho na jezi ya kijani. Septemba 2025 mashindano ya dunia yakaja Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara hili. Aliyeshinda mbio kuu za wanaume ni Tadej Pogačar wa Slovenia, kama wengi walivyotabiri.

Pogačar huyu naye ana somo. Mwaka 2020, zikibaki siku mbili, alikuwa nyuma ya Roglič kwa sekunde 57. Katika kilomita 36 za mwisho za saa, zinazomalizikia mlimani La Planche des Belles Filles, aligeuza pengo lile na kufika Paris akiongoza kwa sekunde 59, akiwa bado hajatimiza miaka 22. Bingwa mdogo kuliko wote tangu Henri Cornet wa 1904. Akashinda tena 2021, 2024 na 2025, na leo kumtaja yeye kwanza si utabiri tena, ni mazoea.

Kwa hiyo sisemi utabiri ni upuuzi. Maswali yale manne ni mazuri. Ninachosema ni kwamba yanahitaji la tano: nani anafanya kazi ya mtu mwingine, na angefanya nini kama ingekuwa yake? Nanyi wenzangu mnaoandika hadithi na kupeleka miswada kwa wahariri wasiowajua, swali hilo mlichukue pia. Safari nyingine mkipata karatasi ya vigogo, someni nyota tano, halafu teremkeni mpaka kwenye majina yasiyo na nyota. Mlisome kila moja, polepole.