Majani ya Irangi na Maji ya Bubu

Kaskazini ya mji wa Dodoma, mwendo wa kilometa 160 hivi kwa barabara iendayo Arusha, nchi tambarare ya miiba na mibuyu huinuka ikawa vilima. Hivyo ndivyo vilima vya Irangi, nchi ya Warangi, na miongoni mwake mna miamba ya Kolo iliyochorwa na watu wa kale, michoro ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni wengi huijua Kondoa kwa ajili ya michoro hiyo. Ni wachache wakumbukao kuwa vilima hivyo ni kama paa limwagalo maji pande mbili. Mvua inyeshayo upande wa kaskazini hushuka kuuanzisha mto Tarangire, ambao wakati wa kiangazi huwakusanya ndovu, nyumbu na punda milia wa nyika yote ile. Inyeshayo upande wa magharibi na wa kusini huingia mto Bubu, nao Bubu hupita katika nchi ya Wasandawe, ukateremka mpaka Ugogo, ukaishia katika kinamasi cha Bahi bila kuiona bahari. Lolote litendwalo huko juu kwa jembe, kwa shoka au kwa kwato halina budi kuonekana huku chini.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, lililoonekana chini lilikuwa mchanga. Huko juu udongo mwekundu ulikwisha chanwa na makorongo, mengine yenye kina cha kuweza kuificha nyumba, na kila masika yalizidi kula mashamba kwa pande zote mbili. Udongo mwepesi ulichukuliwa mbali. Mchanga, kwa kuwa ni mzito, ulibaki njiani ukaijaza mito. Mto uliokuwa mwembamba wenye kingo za matete ukawa uwanja mweupe mpana, na maji yakapita juu yake kwa saa chache baada ya mvua kubwa, kisha yakatoweka.

Hata hivyo haifai kuuita mto wa namna hiyo kuwa umekufa. Watu wa Bara Kati wajua sana kuwa maji ya mto wa mchanga hayakwenda mbali, yamejificha. Mwezi wa Septemba utawaona akina mama wamepiga magoti katikati ya mto mkavu, wakifukua kwa mikono na vibuyu mpaka maji yachipuke, safi na baridi kuliko ya bwawa lolote. Mchanga huyalinda na jua. Kwa hiyo mchanga ule ule ulioharibu shamba la mtu mmoja ukawa kisima cha mwingine, na wataalamu waliokuja na neno la uharibifu peke yake hawakuliona jambo hili mapema.

Nani aliyevivua nguo vilima vya Irangi? Jibu la wakoloni lilikuwa jepesi: ni mfugaji, kwa sababu ana ng'ombe wengi kuliko majani. Jibu hilo lilirithiwa baada ya uhuru karibu bila kubadilishwa. Lakini historia ya nchi hii ina mambo zaidi ya hayo. Katika karne ya kumi na tisa Kondoa ilikuwa kituo katika njia za misafara ya pembe, na misafara hula nafaka na kukata kuni. Katika miaka ya 1890 sotoka iliwaua ng'ombe wa Afrika ya Mashariki kwa wingi usiosemeka; palipokosa ng'ombe, vichaka vilirudi katika mbuga, na pamoja na vichaka wakaja mbung'o. Watu na mifugo iliyosalia wakasongamana juu ya vilima, mahali ambapo mbung'o hakupapenda. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yakapigana pale pale Kondoa-Irangi, kila upande ukichukua chakula na ng'ombe wa raia, na huko Ugogo ikafuata njaa kuu ambayo wazee huiita Mtunya. Vilima havikuwa vimebeba watu waliochagua kusongamana. Vilibeba watu waliosukumwa.

Siku hizi sayansi imeongeza habari ambayo hapo kale haikuweza kujulikana. Wachunguzi waliopima umri wa mchanga wa Irangi, kwa kusoma nuru iliyohifadhiwa katika chembe zake tangu zilipofukiwa, waliona kuwa udongo ulianza kuteremka vilimani humo zamani sana. Kipindi kimoja kilikuwa mwishoni mwa zama za barafu, zaidi ya miaka 11,000 iliyopita, hali ya hewa ilipobadilika. Kingine kilianza yapata miaka 900 iliyopita. Basi mwenye ng'ombe wa mwaka 1930 alikuta kidonda kilichokwisha kuwapo. Haimwondolei sehemu yake, kwani kwato hutonesha. Lakini hukumu iliyompa kosa lote ilitolewa kabla ushahidi haujaisha kusikilizwa.

Ushahidi mwingine ulikuwapo mapema, na la ajabu ni kuwa haukufuatwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko Mpwapwa, mtaalamu R. R. Staples aliweka vipande vya ardhi vyenye mteremko mmoja, akapima maji na udongo uliotoka katika kila kimoja. Kipande kilichoachwa wazi bila mmea wowote kilipoteza karibu nusu ya mvua yote iliyokiangukia. Kilicholimwa nafaka kilipoteza kama robo. Kilichofunikwa kwa majani kilipoteza chini ya asilimia 2, na kilichokuwa kichaka hakikufikisha hata asilimia moja, wala udongo wake haukwenda popote. Si kazi yenye mapambo, lakini ni miongoni mwa majaribio bora yaliyopata kufanywa katika Tanganyika. Maana yake ni kwamba mto hutengenezwa kwanza na majani ya kilimani, na kingo zake ni jambo la baadaye.

Serikali ya kikoloni ilichagua matuta. Baada ya vita ya pili ya dunia amri zilitolewa katika nchi nyingi za Tanganyika za kuchimba makinga maji na kupunguza mifugo, na raia wakalazimishwa kwa faini. Kondoa ilikuwa mojawapo. Chuki iliyozaliwa na kazi hizo ilikuwa kuni kavu kwa siasa ya uhuru. Huko Uluguru mwaka 1955 matuta yalileta ghasia na umwagaji wa damu. Bendera ilipobadilika mwaka 1961, makinga maji mengi yaliachwa yakabomoka, na si ajabu: aliyelazimishwa kuchimba hakuona kuwa tuta ni mali yake. Wakati huo mabwawa yaliyochimbwa upande wa mashariki wa Dodoma yalikuwa yakijaa tope. Bwawa la Ikowa, lililojengwa mwaka 1957, lilipimwa na wanajiografia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden kabla halijatimiza miaka ishirini, nao wakaona kuwa umri wake ungekuwa mfupi.

Mwaka 1973 una sifa mbili katika historia ya Dodoma. Ndio mwaka ambao TANU iliamua kuwa mji huo uwe makao makuu ya nchi, na ndio mwaka ulioanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana zaidi kwa jina la HADO, kwa msaada wa serikali ya Sweden. Miaka ya kwanza HADO nayo ilichimba matuta, safari hii kwa matrekta, ikaotesha miche katika vitalu na kuizungushia ulinzi. Makorongo hayakujali. Hapo ndipo, mwaka 1979, ilipotolewa amri ambayo haikuwa na mfano wake katika nchi: mifugo yote iondoke katika eneo la kilometa za mraba 1,256 la vilima vya Kondoa. Zaidi ya wanyama 80,000, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, waliteremshwa.

Matokeo kwa ardhi hayana ubishi. Majani yalirudi katika muda wa misimu michache, tena bila kupandwa. Mbegu na mizizi ilikuwamo ikingoja. Visiki vilichipua vikawa miti. Makorongo yaliota nyasi pembeni, na katika vitanda vya mito kijito kilianza kujichimbia njia nyembamba, kikiacha kando mchanga uliotulia, ambao wakulima waliugeuza mashamba ya mihogo, viazi na miwa. Wilhelm Östberg, aliyeandika kitabu juu ya mageuzi ya Kondoa mwaka 1986, na watafiti wengine waliofuata, waliieleza nchi iliyokuwa ikijiponya. Majani ya Irangi yalithibitisha yale aliyoyapima Staples miaka arobaini na zaidi kabla.

Matokeo kwa watu yataka maneno mengi zaidi, na hayo ndiyo aghalabu huandikwa kwa ufupi. Ng'ombe wa Mrangi hakuwa nyama inayotembea. Alikuwa maziwa ya mtoto, samadi ya shamba, mahari ya kijana na akiba ya mwaka wa njaa. Punda alipoondoka, mzigo wake haukuondoka. Ulihamia kichwani kwa mwanamke. Mwenye mifugo mingi alipata ndugu au rafiki mbugani wa kumtunzia. Mwenye mbuzi watatu aliwauza kwa bei ya siku hiyo. Na mifugo iliyoshuka haikuyeyuka, bali iliongeza kwato katika nyanda za chini, ambako hapakuwa na HADO ya kuzipima. Mwaka 1986 amri kama hiyo ikatolewa kwa tarafa ya Mvumi, Ugogo. Mwishoni mwa muongo huo ng'ombe wachache wa maziwa waliruhusiwa kurudi vilimani kwa sharti la kulishwa bandani. Yalikuwa maarifa mazuri kwa mwenye uwezo wa kumnunua ng'ombe wa namna hiyo na mwenye mikono ya kumkatia mabingobingo kila siku. Na mikono hiyo, tena, mara nyingi ilikuwa ya mwanamke.

HADO ilifikia mwisho katikati ya miaka ya 1990. Fedha za wageni zilipokoma, walinzi wakapungua, na usiku mifugo ikaanza kupanda vilima. Hapo lilijitokeza swali lililokuwapo tangu mwanzo: majani haya ni ya nani? Kama ni ya mpango, basi mpango umekwenda. Huko Shinyanga mpango wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulikuwa umelijibu kwa namna nyingine. Maofisa wake waliikuta desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili, ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili mifugo ipate kula wakati wa kiangazi, wakaifuata badala ya kuishinda. Ngitili zilizokuwa hekta mia kadhaa zikazidi hekta 300,000 kabla HASHI haijafungwa mwaka 2004, zikiwa za kaya na za vijiji, nao ndege na wanyama wadogo wakarudi ndani yake. Haiwezekani kusema kwamba Irangi ingeponywa hivyo hivyo, kwa maana makorongo yake yalikuwa mabaya kupita ya Usukuma, na huenda bila amri ya 1979 yangechelewa sana kufunga. Linaloweza kusemwa ni kwamba Shinyanga mwenye ng'ombe aliulizwa.

Serikali haikulisahau somo la Kondoa, ila ililikumbuka nusu. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu kwa hoja kwamba ng'ombe wao waliukausha mto Ruaha Mkuu, hali watafiti waliopima maji walikuwa wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya upungufu wa kiangazi ilitokana na mifereji ya mashamba ya mpunga. Ng'ombe walitoka, mto uliendelea kukauka. Kilichokuwa dawa ya kilima hakikuwa lazima kiwe dawa ya bonde.

Katika vilima vya Kolo mambo yamechukua sura nyingine tangu mwaka 2010, vijiji vilipoanza kushirikishwa katika ulinzi wa misitu ya Salanga na Isabe, chemchemi za Tarangire zikiwamo. Huko Kongwa na Mpwapwa wakulima wengi tangu 2018 wamefundishwa kazi waiitayo Kisiki Hai: kuchagua machipukizi ya kisiki, kuyapogolea, kuyatia alama na kuyalinda yawe mti. Mti wa namna hiyo haugharimu kitalu wala maji. Kwa upande wa sheria, Sheria ya Mazingira ya 2004 yakataza shughuli za kibinadamu ndani ya meta 60 za kingo za mto, nayo Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 yaruhusu watumiaji wa maji kujiundia jumuiya zao. Kipimo cha meta 60 hakiwi chepesi mahali ambapo mto wenyewe ni mchanga, na shamba bora la mwaka limo ndani yake.

Jambo hili sasa si la Warangi peke yao. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma, mji ambao kwa miaka mingi umekunywa maji ya visima vya Makutupora. Ili kuukidhi, serikali imekusudia bwawa kubwa Farkwa, katika wilaya ya Chemba, kwenye mto Bubu, chini ya vilima vya Irangi. Mchanga na tope la vilima hivyo, kama majani yataachwa yaishe tena, havina njia nyingine ila hiyo. Ili kulipisha bwawa, wakazi wa vijiji vya Mombose na Bubutole walitakiwa kuhama.