Kufunga Kizazi Marekani Baada ya Hukumu ya Dobbs

Tarehe 24 Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu ya kesi ya Dobbs na kuifuta ile ya Roe dhidi ya Wade ya mwaka 1973, iliyolinda haki ya kutoa mimba kwa takribani nusu karne. Suala likarudi mikononi mwa majimbo. Missouri ilipiga marufuku siku hiyohiyo. Texas ilikwisha kutangulia: tangu Septemba 2021 ilizuia kutoa mimba kuanzia wiki ya sita hivi, wakati wanawake wengi bado hawajajua kama wameshika.

Waliokimbilia kufunga kizazi ni wengi, na wengi wao vijana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliohusu wagonjwa wa miaka 18 hadi 30, ulionyesha kuwa mara baada ya hukumu wanawake waliofungwa mirija waliongezeka kwa 58 hivi katika kila mahudhurio 100,000 ya wagonjwa wa nje, na idadi ikaendelea kupanda mwezi hadi mwezi. Wanaume waliofanyiwa vasektomi waliongezeka kwa 27 hivi, kisha kasi hiyo haikuendelea. Tofauti hii inauma, kwa sababu vasektomi ndiyo nyepesi: ganzi kidogo, muda mfupi, mtu anarudi kwake siku ileile. Kufunga mirija ni operesheni ya tumboni.

Sababu ya kukimbilia kufunga kizazi iko katika hesabu ambayo kila mtumiaji wa uzazi wa mpango huifanya kimoyomoyo. Katika matumizi ya kawaida, wanawake 7 hivi kati ya 100 wanaotegemea vidonge hupata mimba ndani ya mwaka. Kwa kondomu ya kiume ni 13. Kabla ya Dobbs, njia ikishindwa, mwanamke alikuwa bado na uamuzi mbele yake. Marufuku imeondoa uamuzi huo, na hatari ileile ndogo imekuwa nzito.

Mtu atauliza kwa nini wasiweke kitanzi au kijiti, ambavyo huzuia mimba vizuri sawa na kufunga kizazi na vinaweza kutolewa. Jibu moja limo katika hukumu yenyewe. Jaji Clarence Thomas, katika maoni yake ya ziada, aliandika kwamba mahakama iitazame upya pia hukumu ya Griswold ya mwaka 1965, inayolinda haki ya wanandoa kutumia dawa za kuzuia mimba. Kijiti kina muda wake, na siku ya kukibadilisha sheria inaweza kuwa nyingine. Mirija iliyokatwa hakuna bunge litakaloirudisha.

Madaktari wengi huwakatalia vijana wakihofia majuto, na hofu hiyo ina msingi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wanawake kwa miaka 14 ulikuta kuwa asilimia 20 ya waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini walijuta, dhidi ya asilimia 6 ya waliokuwa wamevuka umri huo. Lakini naona si haki kumfukuza kwa takwimu hiyo mwanamke wa miaka 26 aliyekwisha kupima mambo yake. Anachostahili ni kuelezwa kila kitu, kisha kusikilizwa.

Maskini wana kikwazo chao. Mwaka 1973 ilifichuka kuwa mabinti wawili Weusi wa Montgomery, Alabama, wa miaka 12 na 14, walifungwa kizazi baada ya mama yao asiyejua kusoma kutia alama ya X kwenye karatasi. Kashfa za aina hiyo zilizaa kanuni za kuwakinga wanaotibiwa kwa bima ya serikali ya Medicaid: umri usiopungua miaka 21, fomu maalumu, na siku 30 za kusubiri. Kinga hiyo ilihitajika na bado inahitajika. Ila leo mjamzito aliyetia saini kwa kuchelewa huweza kujifungua kabla siku hizo hazijaisha na kuruhusiwa kwenda nyumbani bila kufungwa, katika jimbo ambalo mimba itakayofuata hataruhusiwa kuitoa.