Gobore, gumegume na ile X niliyompiga mwanafunzi

Najua nimepotea. Nilikuwa field mkoani Iringa, nafundisha Historia kidato cha pili, chaki mkononi na tai shingoni kama mtu mzima. Nimerudi kampasi juzi, bumu bado halijaingia (hilo tuliache), na kuna kitu kimenikaa kooni. Ngoja nikiteme hapa.

Nilitoa jaribio. Swali lilikuwa la kawaida kabisa: kwa nini Waafrika walishindwa walipopigana na wakoloni? Kila aliyepita shule zetu analijua jibu la kwanza: silaha duni. Dogo mmoja hakuliandika. Yeye aliandika kuwa silaha siyo sababu, maana Lugalo Wajerumani walikuwa na bunduki na bado walichapwa. Nikampiga X nyekundu, kubwa. Baada ya kipindi akanifuata ofisini.

"Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza. Hivi ile bunduki ya Mjerumani ilikuwa nzuri au mbaya?"

Nikamjibu ilikuwa nzuri sana.

"Sasa mbona walikufa?"

Nikamwambia akasome notisi. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu.

Jioni ile nikamweleza mzee mwenye nyumba niliyopanga. Mzee ana gobore, tena lina kibali, la kufukuzia nguruwe pori na nyani shambani. Akacheka, akaingia ndani akalileta. Wadau, lile kitu ni baya! Mtutu mrefu kama bomba la maji, kitako kimefungwa waya, na fundi wa kijijini ameliunga sehemu tatu. Akanionyesha linavyoshindiliwa: unamimina baruti mdomoni, unasukumia kitambaa kwa mdeki, unaweka vipande vya chuma, unasukumia tena, halafu unaweka fataki. Mpaka umalize, nguruwe ameshakula mstari mzima wa mahindi na kuaga.

Nikamuuliza, "Babu, sasa hili la nini? Si ununue la kisasa?"

Akasema, "Mjukuu wangu, hili likivunjika naenda kwa fundi. Likikosa risasi naokota nondo. Ile ya kisasa ukiishiwa risasi ni mchi wa kutwangia. Ila mvua ikinyesha, mimi na hili gobore wote tunalala."

Nikaona hayo ndiyo maoni ya mwenye bunduki. Hakuniambia nzuri wala mbaya, aliniambia inafaa lini na inakuangusha lini. Nikarudi chumbani nikaanza kusoma upya.

Kwanza niliangalia maneno. Wazee wetu walikuwa na majina ya kila aina ya bunduki: ya mrao, iliyowashwa kwa utambi, gumegume, ya jiwe la kutoa cheche, ya fataki, na ya viasi, yaani ile inayolishwa risasi kwa nyuma. Watu wasiojua silaha hawagawi majina namna hiyo. Na gumegume leo tunamwitaje? Mwanaume asiyefaa kitu! Lugha yenyewe imetunza dharau ya watu waliomiliki silaha hizo.

Sasa turudi kwa bunduki aliyoniuliza dogo. Inaitwa Mauser M71, bunduki ya jeshi la Ujerumani ya muundo wa mwaka 1871. Tundu lake ni milimita 11, uzito unazidi kilo 4, na inabeba risasi moja tu. Ukipiga, unafungua, unatoa ganda, unaweka nyingine. Wissmann alipounda jeshi lake mwaka 1889 kwa askari wengi kutoka Sudan na wengine kutoka Msumbiji, silaha zao zilikuwa za aina hiyo. Kinachoshangaza ni kwamba Ulaya ilikuwa imeshaanza kuiacha. Wafaransa walileta bunduki ya baruti isiyo na moshi mwaka 1886, Wajerumani wakafuata mwaka 1888. Yaani sisi tuliletewa mtumba! Lakini mbele ya gobore, mtumba ule ulikuwa tishio.

Haya, twende Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, alikuwa anaongoza msafara mrefu kwenda kumpiga Mkwawa. Ana M71, ana mizinga, ana bombomu. Wahehe walijificha kwenye majani na mawe kando ya njia, wengi wakiwa na mikuki na wachache na magobore. Inasimuliwa kuwa Mjerumani mmoja alimpiga risasi ndege, Wahehe wakadhani ndiyo ishara, wakatoka. Ndani ya dakika chache kazi ikaisha. Wazungu 10 walikufa, Nyundo mwenyewe akiwemo, pamoja na mamia ya askari na wapagazi. Bombomu zilikuwa bado zimefungwa kwenye mizigo. Bunduki ya risasi moja, mtu akishakufikia na mkuki, inakuwa kama alivyosema mzee: mchi.

Mpaka hapo dogo ana haki. Lakini subiri. Mkwawa aliokota bunduki zipatazo 300 pale. Kwa nini basi Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, ukuta wa mawe na yote? Jibu la mzee linarudi tena. Gobore unalilisha chuma chochote, lakini M71 inataka risasi iliyotengenezwa kiwandani, na kiwanda kiko Ujerumani. Mzinga nao unataka mtu aliyefundishwa. Wajerumani safari hii walikuja wamejipanga, wakapiga mizinga kwanza. Hata hivyo Mkwawa hakuisha siku hiyo. Alipigana porini miaka karibu minne, mpaka Julai 1898 alipojiua kwa bunduki ili wasimkamate.

Njoo Majimaji. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, watu wamepaka dawa ya maji, mbele yao bombomu. Hapo siwezi kudanganya, bombomu iliua watu wengi mno na silaha duni ni sababu ya kweli. Ila baada ya hapo wapiganaji walihamia porini, na huko bombomu haina la kufanya. Kilichowamaliza ni amri ya kuchoma vijiji, mashamba na maghala. Hesabu za wanahistoria zinaanzia watu 75,000 na kufika mpaka 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Kiberiti ndiyo silaha iliyomaliza vita ile, na kiberiti kila mtu alikuwa nacho. Tofauti ni nani alikuwa tayari kuchoma chakula cha watoto.

Kituko cha mwisho ndicho kilichonimaliza. Mwaka 1914 vita ya dunia inaanza, askari wengi wa Mjerumani hapa kwetu bado wana M71 ileile, imeshatimiza miaka 43! Sasa ni zamu yao kuona aibu. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, aliilalamikia kwenye kitabu chake baada ya vita: kila ukipiga, linatoka wingu la moshi, na adui anajua ulipo. Bunduki iliyokuwa tishio kwa Wahehe sasa ndiyo gumegume.

Lakini angalia kilichotokea Tanga, Novemba 1914. Waingereza walishusha askari kama 8,000, wengi kutoka India, dhidi ya watu kama 1,000 wa Lettow. Waliokuja walikuwa wamechoka na safari ya bahari, hawakupeleleza vizuri, wakaingia kwenye mashamba wasiyoyajua, na nyuki nao wakawavamia. Wakapigwa na watu wa bunduki za moshi! Walipokimbilia melini waliacha bunduki mpya, bombomu 16 na risasi zipatazo 600,000. Lettow akapata za kutosha kampuni tatu.

Na siku walipoweka silaha chini kule Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, ile orodha ilikuwa na bunduki 1,071, zote za Kiingereza na Kireno. M71 hata moja haikuwemo. Njiani, kila walipopata ya adui, ile ya moshi iliachwa. Askari hawakuandika vitabu, lakini orodha ile ndiyo maoni yao.

Kwa hiyo dogo alikuwa sahihi? Nusu. Silaha ilikuwa sababu, ila siyo yenyewe peke yake, na siyo kila siku. Kuna risasi zinatoka wapi, kuna nani amejiandaa, kuna mvua na njaa. Yeye aliliona tatizo kwenye jibu letu, mimi mwalimu nikamchora X.

Kinachoniuma zaidi siyo alama. Ni kwamba jibu la maneno mawili linamfundisha mtoto kuwa babu zake walikuwa watu wa kuchezea mikuki mpaka wenye akili walipofika. Mtoto wa Iringa, mwenye mnara wa Lugalo mkoani kwao! Na mimi nilikuwa nalipwa posho kumwambia hivyo.

Juzi nikampigia simu mwalimu wa somo kule shuleni, nikamwomba ambadilishie yule dogo alama. Akacheka sana. "Mwalimu mwenzangu, mtihani wa taifa hautamuuliza mzee wako wa gobore. Ukimzoesha hivyo utamfelisha." Na hilo nalo ni kweli, ndiyo maana silali.

Nyie wenzangu mnaosomea ualimu, mngempa ngapi? Mimi nimesema tano kwa kumi, halafu nimfundishe aandike "silaha duni" kwanza, kisha aongeze yake chini. Ila naona kama nimemfundisha woga. Nawasilisha.