Wapika Bia wa San Francisco na Uhaba wa Barafu

Hamira ziumuazo bia ni za tabia mbili: moja hufanya kazi katika joto na kupanda juu ya pipa pamoja na povu, na ya pili hupenda baridi, huenda kwa taratibu, na mwisho hutuama chini. Ni hii ya pili iliyozaa laga, bia ambayo leo imeenea duniani hata aghalabu ya wanywaji wa Afrika ya Mashariki hawadhani kwamba iko bia ya namna nyingine. Huhitaji ubaridi wa kadiri ya nyuzi 8 hadi 13 za Selsiasi wakati wa kuumuka, na baada ya hapo bia hulazwa majuma mengi mahali palipokaribia ubaridi wa barafu, ili ukali wake utulie na tope lake lishuke.

Wajerumani wa Bavaria, ambao sanaa hii ilikomaa mikononi mwao, waliitafuta baridi hiyo kwa sheria na kwa jembe. Mwaka 1553 mtawala wao Albrecht V alipiga marufuku kupika bia baina ya tarehe 23 Aprili na 29 Septemba, madhali bia ya siku za joto ilikuwa ikiharibika. Na ile iliyopikwa mwishoni mwa majira ya baridi, ambayo ilipasa kudumu mpaka vuli, ilihifadhiwa katika maghala yaliyochimbwa chini ya ardhi, yakajazwa barafu iliyokatwa maziwani, na juu yake ikapandwa michesnati ili majani yake mapana yaikinge ardhi na jua. Watu walikuja kunywa katika vivuli hivyo, na bustani za bia za Munich chimbuko lake ni hilo. Mtambo wa kupoza wa Carl von Linde haukufika katika kiwanda cha Spaten mjini humo ila katika miaka ya 1870.

Sasa mtu aliyelelewa katika ilimu ya namna hiyo, na atiwe San Francisco. Dhahabu ilionekana Coloma, katika California, Januari 1848, na miongoni mwa maelfu waliomiminika walikuwamo Wajerumani waliojua kupika laga. Walikuta mji wa ukungu na pepo za bahari, usio na joto kali wala baridi ya kugandisha maji. Theluji ilikuwa mbali, juu ya milima ya Sierra Nevada, na reli ya kuvuka bara haikukamilika mpaka 1869. Barafu iliyofika mjini ililetwa kwa merikebu, kwanza kutoka Boston kwa kuizunguka Amerika ya Kusini yote, na tangu 1852 kutoka Sitka katika Alaska, ambayo zama hizo ilikuwa milki ya Urusi. Basi ikawa mfalme wa Warusi anapoza vinywaji vya wachimba dhahabu, biashara ya kustaajabisha, ila kwa bei isiyoweza kubebwa na bia ya watu maskini.

Wapika bia wale hawakuiacha hamira yao. Waliacha vyombo vyao. Hamira ilapo sukari hutoa joto lake yenyewe, na togwa ya kimea iliyo katika pipa refu hulifungia joto hilo tumboni. Wao waliimimina katika sinia za mbao pana sana, zenye kina cha kadiri ya futi moja, hewa ya bahari ikapita juu yake na kulichukua joto, na bia ikaumuka katika nyuzi 15 mpaka 20 pasipo kuharibika. Kisha waliitia katika mapipa pamoja na kiasi cha bia changa iliyokuwa bado ikichemka, ikajaa nguvu ya gesi hata mwuzaji alilazimika kuipunguza kabla ya kumimina, na yasemekana kwamba kwa mshindo huo watu waliiita bia ya mvuke. Ilikuwa tayari kwa wiki chache badala ya miezi, ikawa rahisi, ikawa kinywaji cha vibarua. Katika riwaya ya Frank Norris iitwayo McTeague, iliyotoka 1899, daktari wa meno asiye na cheo huinywa kila Jumapili.

Wajuzi wa Ulaya wangaliweza kuihesabu kuwa laga iliyokosa malezi. Mimi naona hukumu hiyo si ya haki, kwa kuwa ina uzito na harufu ya matunda ambavyo baridi ingalivifukuza. Lakini mashine za barafu zilipofika wapikaji wengi waliiasi, na marufuku ya pombe ya 1920 hadi 1933 ikawamaliza karibu wote. Kilichosalia ni kiwanda cha Anchor, kilichopewa jina hilo 1896, nacho kilikuwa ukingoni mwa kufilisika Fritz Maytag alipokinunua sehemu kubwa mwaka 1965. Akaendelea kutumia sinia zile pana ingawa zama za uhaba zilikuwa zimepita. Kilifungwa 2023.

Hata hivyo njia ile imesalia majumbani. Marufuku ilipoondolewa, sheria ya Marekani iliruhusu divai ya nyumbani lakini bia haikutajwa, mpaka Rais Carter alipotia sahihi ruhusa yake Oktoba 1978. Tangu hapo wapangaji wa vyumba vidogo, wasio na jokofu la kutosha, wamerudia kazi ya wale Wajerumani: hununua hamira ya asili ya California, ambayo huvumilia hata nyuzi 18 bila kupoteza tabia ya laga, huketisha chombo katika karai la maji, hukifunika kwa kitambaa kilicholowa, na kuelekeza pangaboi, wakipata ubaridi kwa njia ile ile ya mtungi wa udongo utokao jasho. Nyuzi kadhaa hupungua, kama hewa si ya unyevu. Siku za mvuke mzito kitambaa hakikauki, na mpikaji hutumbukiza chupa za maji yaliyogandishwa karaini, akizibadili asubuhi na jioni.